Siku Saba za Kidude Cheupe

Jumatatu, 6 Oktoba

Dada yangu mpendwa, pokea salamu zangu, na baada ya salamu, u hali gani? Magoti yanakuachia usingizi? Kifua kimetulia? Na baridi ya huko mlimani kwako, bado inang'ata vilevile? Lile ghala lako la viazi, bado viazi vinakaa miezi mitatu bila kuchipua? Mimi ni mzima wa mwili. Wa moyo, soma uone.

Uliniambia nisikupigie simu kila jambo linaponikwama. Niandike kila siku kwenye daftari hili, likijaa nilitume. Haya. Naanza leo, kwa sababu leo limenikwama.

Barua imekuja. Mkaguzi wa viwango vya mazingira atafika Jumamosi, saa nane mchana, kukagua zahanati yangu. Nasema yangu kwa sababu nimeijenga mimi. Barua inasema vyumba vipoe vyenyewe. Bila feni, bila umeme, kwa upepo na kivuli tu. Mwisho digrii ishirini na nane. Zahanati ikipita, jina langu linaingia kwenye orodha ya mafundi waliothibitishwa. Isipopita, kazi za aina hii nitazifanya chini ya fundi mwenye cheti. Na hapa kwetu fundi mwenye cheti ni mmoja tu. Shemeji.

Shemeji yuleyule! Mdogo wake mke wangu. Niliyemfundisha kushika mwiko. Aliyekuwa akikoroga zege utadhani anakoroga chai ya mgonjwa. Leo ana cheti ndani ya fremu, ana kofia ngumu nyeupe, na akinisalimia husema "shikamoo, mwalimu" kama mtu anayemeza kicheko.

Sasa siri, dada. Hata mke wangu hajui. Ramani ilitaka jengo lilale kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Lakini barabara iko magharibi! Anayepita angeona ncha tu ya jengo, ukuta mwembamba, kama mtu anayekupita bila salamu. Nani hujenga nyumba iwape watu kisogo? Nikaigeuza ramani mezani, robo ya mzunguko tu. Zahanati ikatazama barabara, madirisha kumi usoni, na shemeji akipita na pikipiki yake kila asubuhi, apende asipende, anaiona. Aliyekagua msingi alikuja siku ya mvua, akakagua akiwa ndani ya gari. Nilimshukuru Mungu kwa mvua ile. Leo naona nilishukuru mapema.

Halafu kuna matundu ya hewa, yale ya juu chini ya paa. Ramani iliyachora. Mimi nikayaziba, nikayapiga lipu vizuri. Miaka ishirini na sita ya ufundi, tundu ukutani kwangu ni aibu.

Jambo jingine. Wodi ya wazazi nimekuta kidude cheupe kimefungwa kwa skrubu ukutani, ukubwa wa kipande cha sabuni. Mlinzi anasema kiliachwa na mgeni Jumamosi, mimi nilipokuwa nimefuata saruji. Mgeni gani? Wa kike, mpole, alimpa maji ya kunywa. Kidude cha nini? Hakuuliza. Yeye analinda vitu, havihoji. Nadhani ni kengele ya wagonjwa. Kiko kwenye kimo kizuri. Nimetundika kofia yangu.

Siku tano zinatosha. Mungu ni mwema.


Jumanne, 7 Oktoba

Saa nane mchana nimekaa wodini nijipime mwenyewe. Nimeingia mtu, nimetoka kitambaa cha kufutia sakafu. Jua linaingia madirisha yote kumi kama jamaa wa bwana harusi, bila kubisha hodi. Kofia yangu ilikuwa inatona jasho. Nikairudisha kwenye kengele ikauke.

Nesi mkuu atakayehamia humu akaja kuangalia. Mama mtu mzima, maneno machache. Akasimama katikati ya wodi, akajipepea na kadi ya kliniki. Akauliza kwa upole kama mama mwenye uchungu atalazwa humu au atachemshwa humu. Nikamjibu kwamba bado tunarekebisha. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo na mafundi wengi. Akasema basi, yeye anaweza kungoja. Wanaojifungua ndio hawangoji.

Dada, neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nikaomba hekima, nikapata miti. Barua inataka miti ya kivuli upande wa magharibi. Ilipaswa kupandwa mwaka jana, nikawa natafuta nafasi. Lakini mwaka mzima ni nini mbele ya panga? Nimekwenda bondeni na mlinzi, tumekata matawi makubwa kumi na mawili, mazito ya majani. Tumechimba mashimo, tumeyasimika, tumeyashindilia. Jioni palikuwa na msitu! Mlinzi akauliza kama yatashika mizizi. Nikamwambia hayahitaji mizizi, yanahitaji kufika Jumamosi.


Jumatano, 8 Oktoba

Hayatafika Jumamosi.

Asubuhi matawi yalikuwa yameinamisha vichwa kama waumini. Saa nne yalikuwa yamesujudu. Nikamwagia maji ndoo kumi na nane. Mlinzi akayawekea mkono, akayaombea. Saa sita mbuzi wa jirani wakaingia. Mbuzi ni wakweli sana, dada. Hawakugusa hata jani.

Shemeji akasimamisha pikipiki. Lazima asimame, si ndiyo sababu niliigeuza zahanati? Akavua kofia ngumu, akatazama msitu wangu muda mrefu. Akasema katika masomo yake yote hajawahi kusoma kuhusu miti inayohama. Akauliza kama imechoka na safari, labda ipewe mkeka. Nikamwambia aangalie pikipiki yake isipate pancha. Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akalitazama jengo, akatazama jua, akalitazama jengo tena. Akaniuliza taratibu: mwalimu, hii nyumba mbona inatazama huku?

Nikamwambia ramani ni yangu, jua ni la Mungu.

Akasema kama nataka, anaweza kuja kesho tuangalie pamoja, kimyakimya, dada yake asijue. Upenu mrefu upande huu, matundu yafunguliwe, mambo yanaweza kuokoka. Nikamwambia ahsante, mwanafunzi hamtibu mwalimu. Akavaa kofia. Akasema sawa, ila angalau paa lingekuwa jeupe, bati jeusi linanyonya joto kama mtoto anayenyonya. Akaondoka.

Nimekaa na neno lile. Paa jeupe! Mtu hata akiwa na kiburi, akidondosha kitu chema unakiokota.

Mke wangu ameniuliza kwenye chakula nina nini, mbona natazama dari. Nimesema natafakari. Akasema mara ya mwisho nilipotafakari tuliishi bila choo wiki tatu.


Alhamisi, 9 Oktoba

Nimechoka, dada. Naandika kwa mkono wa kushoto wa roho.

Rangi ya paa iko mjini na inaagizwa. Chokaa iko stoo. Nimekoroga mapipa mawili, nimepanda na ufagio, nimepaka paa lote kuanzia alfajiri hadi saa saba. Paa likang'aa! Nilisimama kule juu nikaimba wimbo mmoja wa kanisani, beti zote nne. Nikashuka, nikaingia wodini. Haki ya Mungu, palikuwa na nafuu kidogo. Nikakipigapiga kile kidude cheupe kwa furaha kama bega la rafiki.

Saa tisa ikanyesha mvua.

Si mvua ndefu. Dakika kumi na tano, mvua ya kunikomesha mimi tu, maana kilomita moja kutoka hapa pakavu. Chokaa yote ikateremka. Unajua zahanati hii inavuna maji ya mvua, ni sharti la barua. Mifereji yote ya paa inaingia kwenye tenki. Mifereji hiyo niliitega vizuri sana, sijisifu, haikupoteza hata tone. Sasa nina lita elfu tano za maziwa yasiyonyweka. Iliyobaki ikarushwa na upepo kwenye kamba ya jirani, juu ya mashuka yake. Yalikuwa meupe tayari, kwa hiyo sikuona ugomvi uko wapi. Ugomvi ulikuwa kwenye gauni jeusi la mama mkwe wake.

Jirani amesimama kwenye uzio akanitaja mimi, mama yangu na mama wa mama yangu. Sisi wawili tumesemwa sana leo, dada. Samehe kwa upande wako.

Mlinzi akaonja maji ya tenki. Sikumtuma. Akasema yanafaa kupaka ukuta.


Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi niliamka nimekata shauri kusema kweli. Nilipiga magoti, nikasimama, nikavaa shati safi, nikaenda hadi kwa shemeji. Nilitaka kumwambia nimeigeuza, njoo unisaidie. Nilifika mlangoni. Ndani nikamsikia anamweleza mtu kwenye simu jinsi ya kupima kivuli cha upenu, na akasema, "hili la timazi nilifundishwa na mwalimu wangu, mume wa dada, hakuna anayesimamisha ukuta kama yeye."

Ningeingia vipi baada ya hapo? Mtu amekusifu ukuta wima, uende ukamwambie umesimama wima upande usiofaa? Nikarudi.

Njiani, pale sokoni, Mungu akanionyesha la kufanya. Muuza samaki alikuwa anapasua barafu. Nikasimama karibu na meza yake kama mtu anayechagua samaki, na upepo wa baridi ukanipanda miguuni. Ukanipanda hadi kichwani!

Dari la wodi ni la mbao nyembamba, na juu yake, chini ya bati, kuna nafasi ya mtu kutambaa. Nani anachungulia mle? Hakuna. Muuza samaki ni rafiki wa mke wangu. Amekubali kuniletea mapande ishirini kesho saa tano. Aliuliza nina samaki wengi kiasi gani. Nikasema nina mgeni. Akasema maskini, pole, amefariki lini?

Mke wangu amesikia. Habari za sokoni hufika nyumbani kabla ya kikapu. Ameniambia mume wangu, barafu ni maji yaliyovaa nguo, na jua litayavua. Nikamwambia yatavuliwa taratibu, nitayazungushia maranda ya mbao. Akavuta pumzi ndefu. Akaniambia mdogo wake hana kinyongo na mimi, ila mimi ndiye nina kinyongo na pikipiki. Kisha akaniombea, kwa sauti, nisikie. Aliomba nipate aibu ndogo kuliko ninayostahili.


Jumamosi, 11 Oktoba

Nitaandika yote. Wewe hunicheki, au ukinicheka huwa ni kwa upendo.

Saa tano barafu ilifika. Tuliipandisha mimi na mlinzi kwa ngazi, mapande ishirini, tukayapanga juu ya dari na kuyafunika maranda. Saa saba na nusu wodini palikuwa mlimani kwako! Mlinzi alikwenda kuchukua koti. Nilitungua kofia yangu kutoka kwenye kidude, nikafuta vumbi, nikajipanga mlangoni.

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye viatu vya mpira na miwani kwenye kamba. Mlinzi alipomwona akasema kwa furaha, huyu ndiye mgeni wa maji! Sikuelewa. Shemeji naye alikuwapo. Sheria inataka fundi mwenye cheti awe shahidi. Akanisalimia, shikamoo mwalimu, safari hii bila kumeza kitu.

Mkaguzi akaingia wodini. Akasimama. Akajifunga mtandio shingoni. Akasema inashangaza, inashangaza sana, jengo limetazama machweo na bado ni baridi hivi. Nikamwambia ni neema. Akasema neema ataiona kwenye maandishi. Akaenda hadi ukutani, akachomoa bisibisi mfukoni, akakifungua kidude cheupe.

Dada, haikuwa kengele.

Ni kipimajoto kinachokumbuka. Kinaandika joto na unyevu kila nusu saa, mchana na usiku, kwa siku saba. Alikifunga Jumamosi iliyopita, asiniambie, kwa sababu mafundi wakijua hufanya mambo. Hayo ni maneno yake. Akakiunganisha na simu yake, ikatoka mistari. Akasoma kwa sauti ya mwalimu anayesoma alama. Jumapili thelathini na tano. Jumatatu thelathini na sita. Jumanne thelathini na sita, na unyevu wa ajabu kuanzia mchana, kana kwamba kuna mtu alikifunika na kitu kibichi. Shemeji akaiangalia kofia yangu. Alhamisi nafuu kidogo kwa saa mbili, halafu joto lilelile. Leo saa tano, thelathini na tatu. Leo saa nane, kumi na tisa.

Akashusha miwani. Akaniambia, "Fundi, Mungu alifanya kazi siku sita, ya saba akapumzika. Wewe umepumzika siku sita, ya saba ukafanya muujiza. Niambie umefanyaje."

Nilifungua mdomo. Sikuhitaji. Tone likamdondokea utosini. Akatazama juu. Na mimi nikatazama juu. Sote tukatazama juu, na dari likatutazama sisi, limevimba katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba. Shemeji alimvuta mkaguzi mkono. Mbao ikaachia. Pande la barafu likaanguka pale mkaguzi alipokuwa amesimama, likapasuka, na kutoka ndani yake akateleza samaki mmoja mdogo, akaenda hadi mlangoni, akasimama miguuni pa nesi mkuu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia.

Nesi akamtazama samaki. Akauliza kama huyo ndiye mzazi wa kwanza.

Nilikaa chini kwenye maji. Nikasema yote. Ramani, barabara, pikipiki, matundu. Kila neno lilitoka kama msumari unaong'olewa. Shemeji hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mkaguzi akaandika muda mrefu. Kisha akasema jengo halibomolewi, kuta zimesimama vizuri kuliko alizoziona mwaka huu. Upenu wa mita mbili upande wa magharibi. Matundu yote yafunguliwe. Miti ipandwe, yenye mizizi, akarudia hilo la mizizi. Tenki lioshwe. Kazi yote chini ya shemeji. Tarehe tatu Novemba atakifunga kidude tena kwa siku saba. Jina langu halijakataliwa, ila kwenye orodha ataliandika kwa penseli. Siku saba za kidude zitaamua kati ya wino na kifutio.


Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani. Somo lilikuwa la yule aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Watu watatu waligeuka kunitazama. Mimi nilijenga kwenye mwamba! Hakuna somo la mtu aliyejenga kwenye mwamba akatazama upande usiofaa.

Shemeji alikaa benchi moja na sisi. Wakati wa kupeana mkono alinishika kwa mikono miwili. Akaninong'oneza kuwa kesho atakuja saa moja, na kwamba mbele ya watu nitabaki mwalimu, yeye atashika karatasi tu. Nikajifanya nina kikohozi.

Mke wangu ananusa shati langu kila saa. Anasema bado samaki.


Jumatatu, 13 Oktoba

Tumeanza. Shemeji alichora mstari wa upenu kwa chaki, akaniomba nishike timazi, maana mkono wangu hautetemeki. Saa nne nikapanda ngazi na patasi na nyundo, nikayafungua matundu yangu mwenyewe, moja baada ya jingine. Kila pigo nilihisi ubavuni. Nilipofungua la sita, la upande wa pili, kitu kikapita shavuni. Upepo. Ukaingia huku, ukatokea kule, ukabeba vumbi la lipu, ukaondoka nalo. Nesi mkuu alikuwa chini. Aliacha kujipepea. Akaiweka kadi mfukoni, akasema, "Haya. Sasa mnazungumza."

Nilikaa juu ya ngazi nikalia kidogo, dada. Vumbi pia lilikuwapo.

Shemeji anasema upenu ukiisha tutashuka hadi ishirini na saba, labda ishirini na sita. Anaamini. Mkaguzi pia anaamini. Nami nimejifunza, na ninataka ujue kwamba nimejifunza. Nimejifunza kwamba barafu hudondoka.

Lakini ishirini na saba ni jirani mno wa ishirini na nane. Na upepo si mtu wa kuaminika, hauna mwajiri. Kwa nini jina langu lining'inie kwa upepo? Leo mkaguzi alipopiga simu kuuliza tumefikia wapi, nilimuuliza kwa mzunguko, kama mtu mwenye kiu ya elimu, kile kidude kinajua kiko wapi? Akacheka, akasema hapana, baba, kinajua joto na unyevu tu, hata ukikiweka kabatini kitaandika kabati.

Unaona ninakokwenda?

Bisibisi ninayo. Tarehe tatu Novemba kinafungwa. Tarehe nne alfajiri basi la huko kwenu linaondoka, dereva wake nimemsimamishia ukuta. Nitakifunga kwenye kitambaa kibichi kisipate joto njiani. Wewe unakitundika kwenye ghala la viazi, mbali na mlango, siku nne hivi, kisha unakirudisha na dereva yuleyule. Barafu huacha maji, dada. Baridi ya mlimani haiachi ushahidi. Shemeji asijue, maana ataumia, na mke wangu asijue, maana ataomba.

Daftari halijajaa lakini nalituma leoleo. Niambie tu ghala lina digrii ngapi, na kama viazi vinakaa bado bila kuchipua. Nijibu upesi.